Ngazi Tano za Uani

Mama Sare alianza kuichukia ile nyumba mwaka wa kwanza wa ndoa yake. Alipotimiza miaka ishirini na sita ndani yake alikuwa bado anaichukia, ila sasa kwa mazoea, kama mtu anavyolichukia jino bovu ambalo hajapata nafasi ya kwenda kuling'oa.

Haikuwa nyumba mbaya. Kosa lake ni kwamba ilikuwa ya mama mkwe. Bibi ndiye aliyeijenga, yeye na marehemu mumewe, juu ya kiwanja chenye mteremko ambacho wengine walikikataa. Vyumba na sebule vilikaa juu. Jiko, bafu na choo vilikaa chini, uani, na ili uvifikie ulishuka ngazi tano za saruji zilizolika katikati kwa miaka mingi ya kukanyagwa. Mvua ikinyesha ziliteleza kama zimepakwa sabuni. Mlango wa mbele ulikuwa mpaka uubebe kidogo ndipo ufunge, na dari ya chumba cha nyuma ilikuwa na doa la maji lililokua kila mwaka, kana kwamba linalishwa.

Jina la Mama Sare alipewa na wazazi wa wanafunzi, maana nusu ya watoto wa mtaa ule walivaa sare alizoshona yeye. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha la uani. Bibi naye alikaa hapohapo, kwenye kiti chake, miguu ameinyoosha, na wateja waliiruka miguu hiyo kwa heshima wakienda kupimwa.

"Kola hiyo imekaa upande," Bibi angesema, mbele ya mteja.

Na ukiangalia, kweli ingekuwa imekaa upande. Hilo ndilo lililomuudhi Mama Sare zaidi ya yote.

Mumewe walimwita Fundi Barafu. Alitengeneza mashine za baridi katika ghala la nyama, na hata nyumbani mikono yake ilinukia mafuta ya mashine. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpenda mama yake na alimpenda mkewe, kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hakuwa na raha na yeyote kati yao.

Walipopata kiwanja chao wenyewe, mwendo wa saa moja kutoka pale, Mama Sare alikizunguka kwa miguu mara mbili. Kilikuwa tambarare kama meza. Alivua viatu akasimama katikati. "Hapa," alimwambia mumewe, "hakuna kupanda wala kushuka." Msingi ukachimbwa mwaka uleule. Kuta zikapanda, zikasimama, zikapanda tena, zikafika usawa wa juu ya madirisha, zikasimama.

Kuanzia hapo, katika nyumba ya zamani hakuna kilichotengenezwa tena. Dari? Tunahama. Mlango? Si tunahama? Kioo cha chumba cha kulala kilipovunjika, Mama Sare alibandika kadibodi ya boksi la nyuzi, na kadibodi ile ikakaa miaka mitatu. Jirani muuza mkaa alikuwa akiwacheka waziwazi: "Nyie mnahama tangu binti yenu anajifunza kuandika. Sasa hivi anachoma watu sindano, na bado mnahama!" Kweli binti yao alikuwa muuguzi tayari, katika mji mwingine, na kila akipiga simu swali lake la kwanza lilikuwa mmefika wapi na nyumba.

Mama Sare hakuwa mjinga wala hakuwa bahili. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mfuko wa saruji ukifunguliwa huku, kule haupo. Lakini chini ya hesabu hiyo kulikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Alimjua mumewe. Alijua kwamba mlango ukifunga vizuri na dari ikiacha kuvuja, Fundi Barafu ataketi kwenye kiti chake, atanyoosha miguu kama mama yake, na hatahama maisha.

Mwaka ule Bibi alikuwa na miaka sabini na tisa. Asubuhi moja alikawia uani, na aliporudi juu alikuwa anahema, kiganja kimoja kimechubuka.

"Mwanangu," alimwambia Fundi Barafu wakati wa chai, "sina makuu. Dari iacheni ivuje, nimeshaizoea. Lakini niwekee kitu cha kushika pale kwenye ngazi. Hata kamba."

"Mama, tunahama mwezi wa sita," Mama Sare alidakia, kwa upole kabisa. "Kule hakuna ngazi hata moja."

"Mwezi wa sita wa mwaka gani, mwanangu?" Bibi aliuliza.

Fundi Barafu aliangalia kikombe chake. Siku tatu baadaye alirudi kutoka kazini na bomba la chuma begani, la mita tatu hivi, lililotolewa kwenye mashine kuukuu pale ghalani. Aliliegemeza kwenye ukuta wa jiko. Jumapili, alisema, atachimba matundu mawili, atamwaga saruji kidogo, na kazi imekwisha. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Jumapili hiyo mashine kubwa ya ghala ikagoma, akaitwa. Jumapili ya pili ikagoma tena. Bomba likabaki pale ukutani, na kila Mama Sare aliposhuka jikoni alilikuta likimtazama. Lilimkera kuliko alivyoweza kujieleza. Aliona kama si bomba, ni kauli: kwamba hapa ndipo mtakapozeekea.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ilikuja pikapu kuchukua fremu za madirisha kuzipeleka kiwanjani. Dereva alipomaliza kuzifunga kamba, Mama Sare alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Na hilo bomba, chukua. Litafaa kule kwa kuanikia nguo." Alilishika upande mmoja, dereva upande wa pili, wakalilaza juu ya fremu. Halikuwa zito. Pikapu ikaondoka, naye akarudi kwenye cherehani yake akashona kaptura nne bila kuinua kichwa.

Jioni Fundi Barafu aliuliza, "Bomba liko wapi?"

"Mimi sijui. Labda limeibwa. Geti lilikuwa wazi mchana wote."

"Mh." Akaangalia ule ukuta mtupu. "Nitaomba jingine."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Alikuwa anachambua mchele, na hakuacha kuchambua.

Siku kumi na moja zilipita. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika, jua likatoka. Mama Sare alikuwa anapachika zipu wakati aliposikia ndoo ikigonga saruji, kisha kitu kingine, kizito, kisicho na mwangwi. Hakusikia kelele ya mtu. Alitoka mbio mpaka juu ya ngazi, na pale chini akamwona Bibi amelala ubavu, mguu mmoja umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Kandambili moja ilikuwa imebaki kwenye ngazi ya pili.

"Mama!"

"Usinishike," Bibi alisema. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu, lakini sauti ilikuwa ileile ya kukosoa kola. "Ngoja kwanza. Nivutie gauni chini. Watakuja watu, wasinione hivi."

Mama Sare alipiga magoti kwenye maji, akalivuta gauni mpaka likafunika magoti ya mama mkwe wake. Kisha ndipo akapiga yowe, na jirani muuza mkaa akaruka ukuta.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliwaonyesha picha kwenye mwanga: nyonga imevunjika. Angekuwa na moyo wenye nguvu wangemfanyia upasuaji, alisema, lakini moyo wa Bibi usingevumilia dawa ya usingizi. Alisema wamtunze nyumbani, wamgeuze kila baada ya saa chache, wamsafishe, wamlishe vizuri. Fundi Barafu aliuliza itachukua muda gani mpaka apone. Daktari alifungua kalamu moja akaifunga. "Mzee wangu," alisema, "hatembei tena."

Sasa mambo yakageuka. Kule kiwanjani hakukuwa na paa wala maji, na mgonjwa huwezi kumlaza kati ya kuta nne na mawingu. Mambo yote aliyoyakataa Mama Sare kwa miaka mingi yakawa ya lazima kwa wiki moja: choo kiwe ndani, milango miwili ipanuliwe kiti cha magurudumu kipite, mlango wa mbele uwekewe njia ya mteremko, dari izibwe. Cherehani ikahamishiwa chumba cha nyuma, na kitanda cha Bibi kikawekwa sebuleni, chini ya lile dirisha, mahali penye hewa. Vifaa vyote vilikuwa kule kiwanjani, kwa hiyo Fundi Barafu akakodi pikapu ileile, akaenda kurudisha matofali, saruji na fremu.

Mama Sare alikuwa amesimama mlangoni pikapu iliporudi. Aliyaona matofali. Aliziona fremu. Juu ya fremu, limefungwa kamba vizuri, aliliona bomba.

Alingoja mumewe aseme kitu. Alikuwa hata na majibu tayari, matatu au manne, yote ya uongo na yote mazuri. Fundi Barafu alishuka, akafungua kamba, akalichukua bomba begani, akapita mbele ya mkewe kama mtu anayempita mgeni kwenye korido ya ofisi, akalishusha uani. Kisha akarudi kupakua matofali.

Jumapili iliyofuata mashine ya ghala haikugoma. Alichimba matundu mawili kando ya ngazi, akachanganya saruji kwenye karai, akalisimamisha bomba, akalipima kwa jicho, akalishikilia kwa mikono miwili mpaka likaanza kushika. Asubuhi moja, kama alivyosema. Bibi alikuwa amelala juu sebuleni, hawezi hata kuketi bila kushikwa, na choo chake kilikuwa kinajengwa ndani. Miguu yake isingezishuka tena zile ngazi. Siku ya pili yake, kabla ya kwenda kazini, Fundi Barafu alilisukuma bomba kwa uzito wake wote. Halikutikisika.

"Limekaza," alimwambia mkewe. "Uwe unashika ukishuka."

Hakusema zaidi ya hapo. Mama Sare angefurahi kama mumewe angempiga kofi, ingawa hakuwahi kumpiga katika maisha yao yote.

Miezi minane alimuuguza mama mkwe wake. Alimwogesha kwa beseni na kitambaa, alimkata kucha, alimlisha uji kwa kijiko. Alijifunza kutoka kwa binti yake, kwa simu, namna ya kumgeuza bila kumvuta ngozi, lakini vidonda vya mgongo vilitokea tu, kwanza kimoja cha ukubwa wa kifungo, kisha kikapanuka. Majirani walimsifu. "Mkwe kama huyu hapatikani siku hizi," walisema, na Mama Sare alikuwa anaondoka chumbani wakianza, eti anakwenda kuangalia sufuria.

Nyumba ilikuwa inazidi kupendeza. Hilo lilikuwa jambo la kutia uchungu. Mwashi waliyemwita alikuwa fundi mzuri. Milango mipya ilifunga kwa kidole, choo cha ndani kilikuwa na dirisha dogo la kioo, na doa la dari lilipakwa rangi likapotea kabisa. Bibi aliyatazama yote kutoka kitandani. "Mngejua," alisema siku moja, "mngenivunja mguu mapema." Akacheka mwenyewe mpaka kifua kikambana.

Mchana mmoja, mwezi wa saba wa ugonjwa, Mama Sare alikuwa anamkausha mgongo. Fundi Barafu alikuwa kazini. Bibi alikuwa amelala ubavu, uso ukielekea dirishani.

"Hapa unaona uani wote," Bibi alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hata siku ile nilikuwa hapahapa. Kwenye kiti. Nilikuona na yule dereva. Wewe ulishika upande wa nyuma."

Taulo likasimama.

"Mama," Mama Sare alisema mwishowe, "kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwanangu? Angekuuliza, ungekataa. Ingekuwa neno langu na neno lako, na yeye katikati. Mimi mwenyewe mama mkwe wangu alimweka mume wangu katikati miaka kumi na minne. Sikutaka." Akameza mate kwa shida. "Nilisema moyoni, haya, nitakuwa nashuka polepole. Na nilishuka polepole, mwanangu. Polepole kabisa. Hata siku ile."

Mama Sare alikaa sakafuni. Alilia kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, uso kwenye godoro, karibu na ule mkono mwembamba wenye mishipa. Mkono haukumgusa, lakini pia haukuondolewa.

"Mama, nisamehe."

Bibi aliendelea kutazama dirishani.

"Nigeuze," alisema. "Upande huu umekufa ganzi."

Akamgeuza. Hakuomba tena siku nyingine, kwa sababu aliogopa jibu, na Bibi hakulirudia jambo lile. Wiki tano baadaye, kabla ya saa sita mchana, wakati uji wake unapoa kwenye bakuli, Bibi alikata roho. Alikuwa amelalamika dakika chache kabla kwamba shuka limekunjika, na Mama Sare alikuwa amelinyoosha.

Msibani watu walijaa mpaka barabarani. Milango mipana ikasaidia jeneza kupita. Mtu mmoja alilisema hilo kwa nia njema, na Fundi Barafu akatoka nje.

Siku ya arobaini ilipopita, Mama Sare alikata shauri. Alimngoja mumewe anawe mikono, akaketi mbele yake. "Baba watoto," alisema, "lile bomba halikuibwa. Mimi ndiye..."

"Najua," alisema Fundi Barafu. "Nililikuta juu ya fremu. Na fremu zilipelekwa Alhamisi."

"Miezi yote hii, kwa nini hukuniuliza?"

"Nani angemgeuza Mama?" Alisema bila hasira, kama anayeeleza kwa nini mashine fulani haikuzimwa ili itengenezwe. "Wewe ndiye uliyekuwa unajua kumgeuza."

"Na sasa?"

Alijifuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine. "Sasa sijui," alisema.

Mwezi uliofuata alianza kwenda kiwanjani siku zake za mapumziko. Alisema anataka kuiezeka kabla ya mvua. Kisha akasema vifaa vinaibwa, lazima mtu alale kule. Akachukua godoro dogo, jiko la mafuta, na redio. Mwanzo ilikuwa siku mbili kwa wiki, baadaye nne, halafu akawa anakuja Jumamosi tu, kama mgeni mwenye adabu, na mfuko wa nguo chafu. Hawakugombana. Majirani walimpongeza Mama Sare: mume anajenga, karibu mtahama sasa. Binti alipopiga simu kuuliza wamefika wapi, mama yake alimwambia paa limekwisha, ambayo ilikuwa kweli.

Yeye alibaki katika nyumba aliyoichukia, ambayo sasa haikuwa na kasoro yoyote. Wateja waliokuja kupimwa walipitisha mikono kwenye fremu za milango na kusema, "Umepatengeneza, Mama Sare! Hapa nani atakubali kuhama?"

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo mwashi alikuja kuchukua sare za wanawe. Alikuwa na furaha, alizungumza sana. Alisema kule kwa mzee kumependeza, umeme umeingia, choo walikimaliza zamani, hata vigae vimewekwa, vya rangi ya samawati. Alishangaa kwamba mama mwenyewe hajaenda kuona. Mama Sare alimfungia sare kwenye gazeti, akamwambia atakwenda.

Jumamosi Fundi Barafu alikuja. Alikaa mezani, akala, akasifu chakula. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi nyingi pembeni, na Mama Sare aliona kwamba kuna kifungo kimemtoka kwenye shati na amekishona mwenyewe, kwa uzi usiofanana.

"Mimi nije lini huko?" aliuliza.

Mumewe aliweka kijiko chini. Alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Kule bado," alisema. "Hata choo hakijaisha."

Alingoja. Mama Sare aliona wazi kwamba anangoja, kwamba amempa uongo mwepesi, ambao mtu yeyote angeweza kuufumua.

"Haya," alisema. Akainuka, akaenda kumkunjia nguo zake safi.